Tarumbeta Moja Dhidi ya Bendi Nzima

Siku yangu ya kwanza kazini nilikuwa na ndimu mfukoni. Ninyi wa kidato cha kwanza ambao mmeanza shule juzi, jifunzeni kitu: mpiga tarumbeta akimwona mtu anakula ndimu mbele yake, mate humjaa kinywani, midomo hulegea, na kinachotoka kwenye tarumbeta ni mlio wa mbuzi aliyekanyagwa mkia. Nilikuwa nimeisikia habari hiyo bwenini nikiwa kidato cha pili, na kwa kuwa napenda elimu niliamua kuihakikisha. Jumatatu asubuhi, shule nzima imepangwa mistari, bendi inapiga wimbo wa shule, mimi nimesimama mbele kabisa mkabala na wapiga tarumbeta watatu. Nikatoa ndimu, nikaiuma, nikainyonya taratibu huku nikiwatazama machoni.

Wa kwanza alizimika kwenye ubeti wa kwanza. Wa pili alijikaza, kisha akameza kitu kikubwa, naye akazimika. Wa tatu alikuwa na tabia ya kufumba macho, kwa hiyo aliendelea peke yake kwa muda kama mtu aliyeachwa na basi bila kujua.

Mwalimu wa Zamu alinichapa viboko vinne, kisha akanipeleka kwa Bandmasta ili na yeye achukue sehemu yake. Bandmasta alikuwa mzee mwembamba, Msumbwa wa Ushirombo, aliyepiga tarumbeta kwenye bendi ya jeshi la mkoloni kabla wengi wetu hatujazaliwa. Kaptula yake ya kaki ilinyooshwa mpaka ungeweza kukatia nyanya.

"Shikamoo, Bandmasta."

"Marahaba. Ndimu umeipata wapi?"

"Kwa mpishi."

"Imeisha?"

"Imebaki nusu."

"Ilete."

Nikampa. Akaitia yote mdomoni na maganda yake, akaitafuna, akachukua tarumbeta mezani, na huku maji ya ndimu yanamchuruzika kidevuni akapiga. Ilikuwa mistari miwili au mitatu tu, ya juu sana, myepesi, kila sauti imekatwa mahali pake kama shanga. Alipomaliza alijifuta kidevu, akanitupia kitambaa.

"Hao watoto wamezimika kwa sababu midomo yao bado ni ya kulia chakula," alisema. "Ya kwako tutaona. Kwa sasa pangusa."

Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa. Sikuomba kazi, sikufanyiwa usaili, na mshahara wangu wa kwanza nilikuwa nimeshalipwa makalioni.

Cheo changu cha kwanza kilikuwa Mpangusaji. Tulikuwa na matarumbeta manne, trombone moja, klarineti mbili, na tuba moja kubwa kama beseni la kuogea, ambayo aliishikilia Masanja, kijana mnene, mpole, mwenye mashavu yaliyoumbwa kwa kazi hiyo. Shaba tuliing'arisha kwa jivu na ndimu, kwa hiyo ndimu zangu zilipata kazi halali. Vyombo hivyo nilivijua vyote kwa matumbo yake. Mausipisi ndicho kile kikombe kidogo cha chuma kinachokaa mdomoni. Ukikipoteza, tarumbeta linageuka bomba. Vali ni vile vitufe vitatu vya kubonyeza vinavyorefusha na kufupisha njia ya pumzi. Vali hutaka mafuta mepesi, na kwa kuwa miaka ile hata sabuni ilikuwa ya kuota ndotoni, Bandmasta alikwenda mjini Shinyanga kwa baiskeli kuomba mafuta ya cherehani kwa Mhindi mmoja mwenye duka la vitambaa. Mhindi yule hakuwahi kuona bendi yetu, lakini kila mara aliuliza, "Ile tarumbeta yangu iko salama?"

Baada ya muhula mmoja nilipandishwa cheo nikawa tarumbeta la tatu. Hapo nikagundua kuwa tarumbeta halipulizwi kama unavyopuliza moto wa kuni. Unabana midomo, unaitetemesha kama mtoto anayeigiza lori linalopanda mlima, na chuma kinaukuza ule mtetemo kuwa sauti. Ukitaka sauti ya juu, huongezi nguvu. Unaongeza kubana na kuharakisha pumzi. Ukiongeza nguvu tu, utapata mishipa ya shingo. Nilipata mishipa ya shingo miezi mitatu mfululizo. Mdomo wangu wa juu ulivimba, na wasichana wa shule ya jirani wakaanza kunipa pole kwa kung'atwa na nyuki.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, maana najua wengi wenu mlidhani bendi ni kwa ajili ya gwaride tu.

Bandmasta alikuwa na santuri moja. Aliachiwa na padri mmoja mzee aliyerudi kwao, pamoja na gramafoni ya kuzungusha kwa mkono. Ilikuwa konseto ya tarumbeta iliyotungwa na Mjerumani aliyekufa zaidi ya miaka mia mbili iliyopita. Muziki wa enzi hiyo unaitwa baroki. Nilimwuliza Bandmasta maana yake, akasema hajui, na kutojua huko hakujawahi kumnyima usingizi.

Konseto, alitueleza, ni muziki wa pande mbili. Upande mmoja yuko mpigaji mmoja, upande wa pili liko kundi zima. Kundi linaanza na wimbo wake, mmoja anaingia, anauchukua ule wimbo, anaugeuza, anaupamba, anaukimbiza, halafu kundi linarudi na wimbo uleule kusema, "Sisi bado tupo." Wanajibizana hivyo mpaka mwisho.

Nilikuwa nimejiandaa kucheka. Tulikuwa tumekaa chini kwenye chumba cha bendi, mimi na Masanja tumeshakubaliana nani ataigiza kwanza. Kundi la vinanda vya nyuzi likaanza, likaendelea, nikaanza kutafuta pumzi ya kuchekea. Kisha tarumbeta likaingia. Liliingia kama mtu aliyechelewa mkutanoni lakini ndiye mwenye ufunguo wa ukumbi. Halikupiga kelele. Lilisimama juu ya vile vinanda vyote, jembamba, linang'aa, na kila liliposhuka ulidhani limechoka, kumbe linashuka ili lipate mahali pa kurukia. Palikuwa na sauti moja ndefu ambayo ilianza kama uzi, ikanenepa, ikatetemeshwa haraka kati ya sauti mbili za jirani mpaka ikawa kama jua kwenye maji ya bwawa, kisha ikaachwa. Nilipomtazama Masanja, mdomo wake ulikuwa wazi. Wangu nao nilikuta uko wazi. Hatukuigiza mtu.

"Huyo," alisema Bandmasta, "anapiga vitu ambavyo watu wa zamani walipiga bila vali."

"Bila vali watapataje wimbo?" niliuliza.

Akatoa baragumu lake la jeshi, lisilo na kitufe hata kimoja, akatuonyesha. Huko chini sauti zimekaa mbalimbali kama miji ya Wasukuma, kila mmoja na ua wake na ng'ombe wake, huwezi kutoka mmoja hadi mwingine bila safari. Lakini ukipanda juu, na juu tena, zinaanza kusogeleana, mpaka mwisho zimebanana kama maduka ya sokoni. Huko ndiko wimbo unakopatikana. Kwa hiyo mpigaji wa enzi ile alilazimika kuhamia juu na kuishi huko, kwenye hewa nyembamba, ambako ukikosea kwa unene wa unywele unaangukia kwa jirani. Na Bandmasta, na meno yake sita ya mbele ambayo mawili hayakuwa yake, alipanda huko na kibaragumu cha jeshi, akatembea kidogo, akashuka salama.

Santuri ile ilikuwa na mkwaruzo. Katika sehemu ya mwisho, pale kundi linaporudi na wimbo wake, sindano ilikwama na kurudia kipande kilekile, kilekile, kilekile, mpaka Bandmasta anyanyue kidole na kuisukuma. Hatukuwa na karatasi za muziki ule. Bandmasta aliunakili wote kwa masikio, akauandika kwa do-re-mi kwenye daftari la mazoezi, na alipofika pale penye mkwaruzo aliandika tu: *rudieni mpaka kidole*. Sisi tulijua kuwa ndivyo Mjerumani alivyotunga.

Nikapelekwa mazoezini. Sauti ndefu kila alfajiri, kuhesabu hadi kumi na sita bila kutikisika. Kupiga ulimi: ta-ka-ta-ka-ta-ka, mpaka nikawa naitika mahudhurio kwa kigugumizi. Sehemu ya katikati ya konseto, ile ya polepole, tarumbeta halipigi kabisa. Linanyamaza na kuwaachia wengine. Mimi nilifurahi, nikadhani ni mapumziko. Siku ya kwanza niliitumia kumkonyeza Masanja.

"Shija," Bandmasta aliniita, "unafanya nini?"

"Nimenyamaza, Bandmasta."

"Hapana. Umekaa kimya. Kunyamaza ni kazi. Watu wanakutazama, wanajua unaweza, na hupigi. Nyamaza vizuri."

Nimefanya kazi nyingi katika ajira yangu, lakini hiyo ndiyo niliyoifanya vibaya kuliko zote.

Likizo ya kidato cha tatu nilihamishiwa Rwamgasa, ambako baba yangu alikuwa akichimba dhahabu na wenzake. Bandmasta aliniazima tarumbeta kwa sharti kwamba lisilale chini. Baba alikitazama kile chombo, akanitazama na mimi.

"Hiyo ni kazi?"

"Ni kazi, baba."

"Inatoka jasho?"

"Inatoka mate."

Akaguna akarudi kwenye duara lake, yaani shimo la wachimbaji, ambalo lilikuwa limeshuka kiasi cha minazi miwili. Sasa mimi nilikuwa nimegundua kuwa mdomo wa duara unarudisha sauti vizuri kuliko chumba chochote cha shule. Nikasogea kwenye duara la jirani, nikainamisha tarumbeta, nikaiachia ile sauti ndefu ya juu. Ilishuka, ikazunguka, ikapanda imekuwa tatu. Nikaiongeza. Kumbe huko Rwamgasa, udongo ukianza kutitirika, mtu wa juu hupuliza pembe ili walio chini watoke. Mimi nilikuwa sijaambiwa. Ghafla vichwa vikaanza kutokeza kwenye kila shimo, watu wamejaa vumbi kama mizimu, wanakimbia kila upande, mmoja ameacha kiatu, mwingine amebeba ndoo ya mwenzake.

Walipojua chanzo walinizunguka. Mmoja, mrefu, macho mekundu kwa vumbi, akanishika shati.

"Nani kafa?"

"Hakuna, kaka. Nilikuwa nafanya mazoezi."

"Mazoezi ya kutuua?"

"Mazoezi ya konseto."

Baba alijipenyeza, akauondoa ule mkono shatini kwangu, akawaomba radhi wote mmoja mmoja kwa majina. Nilidhani nitachapwa na kijiji. Lakini yule mrefu, alipokwisha kupumua, akakaa kwenye ndoo.

"Sasa umeshatutoa," alisema. "Huwezi kututoa bure. Piga hicho ulichokuwa unapiga."

Nikawapigia sehemu ya kwanza, upande wangu tu, bila kundi. Walisikiliza wakiwa wamejifuta macho tu. Nilipomaliza, yule mrefu akasema, "Pale pa juu, rudia." Nikarudia. Jioni baba alikuwa akiwaeleza watu kwamba inatoka mate, lakini ni kazi.

Nikarudi shuleni nikiwa tarumbeta la kwanza. Na hapo ndipo kazi yenyewe iliponusurika kufa.

Tulipata Mkuu wa Shule mpya, mtu wa Mtwara, aliyesomea kilimo, mkali, msafi, na mwenye haki. Sitaki mtu asome hapa akadhani namsema vibaya. Alikuta ghala la chakula liko nusu, na shamba la pamba la shule limejaa magugu. Hali ilikuwa hivyo kila mahali. Shule ilitakiwa ijilishe. Akachukua ratiba, akaitafuta saa inayoweza kwenda shambani, akaiona: Jumatano, saa nane hadi saa tisa, Muziki.

Alikuja chumba cha bendi tukiwa katikati ya mazoezi. Tulisimama.

"Bandmasta," alisema kwa upole, "mimi sina ugomvi na tarumbeta. Lakini tarumbeta haliliwi."

"Pamba nayo hailiwi, Mkuu," alijibu Bandmasta.

Masanja alikohoa ndani ya tuba. Mkuu wa Shule hakucheka, ila alifikiri kidogo, jambo ambalo wakubwa wengi hawalifanyi mbele ya watoto.

"Mwaka jana, siku ya wazazi, bendi ilipiga nini?"

"Machi tatu za gwaride."

"Na wazazi walifanya nini?"

Bandmasta alianza kupangusa tarumbeta lililokwisha kupanguswa. Wote tulijua. Wazazi walikuwa wameinuka kwenye machi ya pili wakaenda kuangalia nguruwe wa shule.

"Basi tufanye hivi," alisema Mkuu wa Shule. "Siku ya wazazi mwaka huu mpige huo muziki wenu. Wazazi wakiketi mpaka mwisho, nitajua una maana kwao, saa inabaki. Wakiinuka, saa inakwenda shambani, na hatutalizungumza tena."

Alipotoka, Bandmasta alikaa kwenye boksi la trombone. Kwa mara ya kwanza nilimwona ni mzee. Ile saa moja ya Jumatano ndiyo aliyobakiwa nayo. Mkataba wake ulikuwa wa saa hiyo, na shambani alikuwa hawezi tena kuinama. Nikataka kusema kitu cha kuchekesha, nikakosa. Andikeni tarehe.

"Tutapiga konseto," alisema.

Vinanda vya nyuzi hatukuwa navyo. Bandmasta akakaa mwenyewe kwenye kinanda cha kanisani, kile cha kukanyaga, tukakibeba watu sita mpaka uwanjani. Klarineti zikachukua nyuzi za juu, trombone na tuba za chini, na pengo lililobaki akalijaza kwa watoto wanane wa kidato cha kwanza waliokuwa na sauti nyembamba, waimbe "na-na-na" mahali pa fidla. Akawafundisha kwa santuri ileile. Kwa kuwa mikono yake ingekuwa kwenye kinanda, kidole cha kutoa kwenye mkwaruzo wangekitazama pale pale, akikinyanyua kutoka kwenye kinanda.

Siku ikafika. Wazazi walikuja na baiskeli kutoka Didia na vijiji vya jirani, mama yangu akiwemo na kitenge chake cha kanisani. Walipangiwa mabenchi katikati ya uwanja, Mkuu wa Shule akiwa mbele kwenye kiti chake cha mikono. Na hapa Bandmasta alifanya jambo ambalo mpaka leo sijui kama lilikuwa bahati au ujanja. Alitaka pande mbili za konseto zionekane. Akaliweka kundi zima kushoto kwa wazazi, na mimi peke yangu kulia, hatua kama arobaini katikati.

Mtu yeyote wa huku akiona hivyo anajua ni nini. Baada ya mavuno, vikundi viwili vya ngoma hukutana uwanja mmoja, siku moja, na kupiga kwa wakati mmoja. Hakuna hakimu. Watu hutembea. Kikundi kikikupendeza unakwenda kusimama kwake, kikikuchosha unahama. Atakayekuwa na watu wengi mwishoni ndiye ameshinda, na aliyeachwa atasimuliwa mwaka mzima.

Kundi likaanza. Wazazi walitulia, wamekunja mikono. Kisha nikaingia mimi, peke yangu, kutoka upande wa pili.

Mzee mmoja wa Didia, manju wa ngoma aliyejulikana mpaka ng'ambo ya mto, akaweka fimbo chini, akasikiliza. "Kumbe wanashindana," alisema kwa sauti. Akainuka.

Nyuma yake wakainuka wote. Benchi nzima nzima.

Niliona Mkuu wa Shule akigeuka nyuma, halafu akimtazama Bandmasta. Akapaza sauti kuelekea kwenye kinanda, na wenzangu wa klarineti walisikia kila neno.

"Wameinuka," alisema.

"Wameinuka," alikubali Bandmasta huku akikanyaga, "lakini hawajaondoka, Mkuu. Tazama."

Walikuwa wanakuja kwangu. Watu wapatao mia mbili, akina mama na watoto mgongoni, wanavuka uwanja na kunizunguka. Mama yangu alikuwa mbele, anapunga kitambaa. Kichwa changu kilipasuka kwa furaha. Nilipiga ta-ka-ta-ka zangu zote, nikatetemesha mpaka sikio likawasha. "Wabeja, ng'wana!" mtu akaniambia kwa Kisukuma, yaani asante, mwana. Nikajiona nimeshachaguliwa kuwa mbunge.

Kisha kundi likarudi na wimbo wake, na Masanja, kwa kuona watu wote wako kwangu, akaudhika. Masanja mpole. Akaanza kutembea na tuba, mguu kwa mguu, akiyumba mabega kama wachezaji wa ngoma ya majembe, na kila "bum" ya tuba ikitua na kisigino. Wale watoto wanane wakamwiga. Watu kama themanini wakahama.

Sehemu ya katikati, nikanyamaza. Sikuwahi kunyamaza vile. Nilishika tarumbeta kifuani, nikatazama mbele, na wale waliobaki wakabaki, hakuna aliyepiga chafya. Nikaelewa alichotaka Bandmasta siku ile. Lakini kuelewa si kushinda.

Sehemu ya mwisho ikaanza, kasi. Niliwarudisha ishirini. Masanja akachukua arobaini. Nikapanda juu nikakaa huko, kundi likajibu. Halafu wale watoto wakafika penye mkwaruzo. Na-na-na, na-na-na, na-na-na. Waliirudia kama santuri ilivyowafundisha, mara tatu, mara tano, na kwa mara ya sita yule manju akafurahi kuliko nilivyoona mzee akifurahi. Akaingia katikati yao na fimbo yake. Basi ikawa ndiyo ngoma yenyewe. Watu wakamiminika. Mimi nimeweka mausipisi mdomoni, namtazama Bandmasta, nasubiri kidole. Bandmasta ananitazama. Kidole hakinyanyuki. Na-na-na. Mama yangu, ambaye ndiye aliyenizaa, alinitazama kwa huruma, akaniaga kwa mkono, akavuka uwanja.

Nilibaki na mtoto mmoja aliyepotezana na wazazi wake, na Mkuu wa Shule.

Yeye alikuwa hajainuka. Alikuwa bado kwenye kiti chake cha mikono, peke yake mbele ya mabenchi matupu, kofia magotini. Alikuwa amekigeuza kiti kile upande wangu.

Hatimaye kidole kikanyanyuka. Nilikuwa na mistari minane ya kumaliza. Hapakuwa na mtu wa kumvuta tena, hapakuwa na cha kujionyesha, kwa hiyo kwa mara ya kwanza katika miaka miwili sikuongeza nguvu. Nilipanda tu. Ile sauti ndefu niliianza kama uzi, ikanenepa yenyewe, nikaitetemesha, nikaiacha. Ilikuwa sawa na ya kwenye santuri. Mimi nawaambia hivyo, na Mkuu wa Shule ni shahidi wangu. Wengine wote walikuwa wanacheza.

Jioni mama alinibembeleza. "Ulikuwa unapiga vizuri, mwanangu. Lakini kule walikuwa wanacheza." Nikamfuata Bandmasta.

"Mbona hukunyanyua kidole?"

"Ulikuwa unashindwa vizuri sana," alisema. "Sikutaka kukukatiza."

Alikuwa anacheka, lakini mikono yake ilikuwa inafunga daftari la konseto kwa kamba, mara mbili, kama mtu anayefunga mizigo. Wazazi walikuwa wameinuka. Masharti yalikuwa masharti.

Jumatatu Mkuu wa Shule alituita ofisini, mimi na Bandmasta. Ratiba mpya ilikuwa mezani, mraba wa Jumatano uko mtupu.

"Nilisema wakiketi," alianza.

"Ndiyo, Mkuu," alisema Bandmasta.

"Hakuna aliyeketi."

"Hakuna, Mkuu."

"Shija. Wote walipohama, kwa nini hukuacha?"

"Ulikuwa umebaki wewe, Mkuu."

Alizungusha kalamu yake. "Na mimi nilitaka kuhama," alisema. "Miguu ilikuwa inataka. Ila nikaona nikiondoka utakuwa unapigia kiti." Akatazama dirishani. Nje, watu walikuwa wanapalilia. "Pale mwisho, ile sauti ndefu. Inaitwaje?"

Bandmasta akamweleza. Mkuu akalirudia jina hilo mara mbili kimoyomoyo, nikaiona midomo yake.

"Basi mimi niliketi mpaka mwisho," alisema. "Na sikusema waketi wangapi."

Akaandika *Muziki* kwenye ule mraba, akatutaka tutoke, na akaniongezea mimi saa moja ya palizi kwa sababu ambazo hakuzitaja.

Sasa nimestaafu. Kidato cha nne tunajiandaa na mtihani, na mtahiniwa haruhusiwi bendi. Nina umri wa miaka kumi na tisa, mdomo wa juu una alama ya duara ambayo haitaki kutoka, na kila nikila ndimu nageukia ukutani kwa heshima. Wanaoanza kazi nawaachia machache. Msiongeze nguvu. Mafuta ya vali msiyatumie kwenye nywele. Mkisimama peke yenu upande mmoja na watu wote wakahama, malizeni. Mistari minane ya mwisho huwa haikumbukwi na wengi, lakini ndiyo mliyoifanyia kazi.

Jumatano saa nane mimi niko darasani na hesabu za pembetatu. Dirisha linaangalia chumba cha bendi. Kabla ya kengele, Mkuu wa Shule hutoka ofisini amebeba kiti chake mwenyewe, anakiweka mlangoni, anavua kofia, anakaa. Wapiga tarumbeta wa kidato cha pili wanatetemeka, wanakosa sauti za juu, wanarudia, wanakosa tena, naye hata hapepesi macho. Bandmasta ananiambia wiki iliyopita Mkuu alimwomba mausipisi ya ziada, akaondoka nayo mfukoni, na usiku wa kuamkia Alhamisi watu walisikia kutoka nyumbani kwake mlio kama wa mbuzi aliyekanyagwa.

Mimi nimestaafu. Yeye ndiyo kwanza ameajiriwa.